Biashara Isiyotaka Shahidi

Mtu akitapeliwa, kuna methali inayomfikia kabla ya pole: wajinga ndio waliwao. Nimeisikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na ofisini. Nimeisikia hata msibani, pale ilipojulikana kwamba marehemu aliuza shamba akaingiza fedha zote kwenye mradi ambao ofisi yake ilikutwa asubuhi moja imefungwa kwa kufuli jipya. Anayeitamka huitamka kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba yeye hawezi kupatwa.

Katika jambo hili sikubaliani nayo hata kidogo. Waliotapeliwa ninaowajua mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, muuguzi aliyezeekea wodini, katekista, na fundi seremala ambaye hajawahi kupunjwa mbao hata inchi moja. Hao si wajinga. Kilichowapata ni kwamba walitenganishwa na watu wao, mwingine kwa dakika kumi, mwingine kwa miezi sita, na katika muda huo wakaamua peke yao jambo ambalo wazee wetu hawakumruhusu mtu aliamue peke yake.

Maana wazee hawakutuachia methali hiyo moja tu. Walituachia pia utaratibu, na utaratibu huo una akili kuliko methali yenyewe.

Tazama shamba linavyouzwa kijijini mpaka leo, pale ambapo desturi haijalegea. Muuzaji haji peke yake. Huja na mkewe na wanawe waliokwisha kukua, kwa sababu shamba la ukoo halina msemaji mmoja. Huitwa majirani wa pande zote nne. Kisha mpaka hutembewa kwa miguu, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye kichuguu, kutoka kichuguu hadi kwenye mfereji, na kila jirani hutamka kwa kinywa chake kwamba hapa ndipo pangu panapoishia. Kilimanjaro mpaka huoneshwa na masale, kwingine na minyaa au mkonge. Mwenyekiti wa kijiji huandika, mashahidi hutia saini, asiyejua kuandika hubonyeza dole gumba. Asubuhi inakwisha, na adhuhuri inawakuta watu bado wanabishana juu ya mti mmoja.

Kijana aliyetoka mjini na fedha mfukoni huona huo ni usumbufu mtupu. Lakini kila hatua pale ilizaliwa na wizi fulani uliowahi kutokea. Mke ameitwa kwa sababu kuna siku mume aliuza kwa siri. Jirani ameitwa kwa sababu kuna siku mpaka ulisogezwa usiku. Maandishi yapo kwa sababu kuna siku mtu alikana mbele ya kadamnasi. Na kule kuchelewa kwenyewe kuna kazi yake: kunampa mwenye dai nafasi ya kusikia na kuja mbio kabla fedha hazijatolewa.

Ndoa nayo ina mshenga, kwa sababu hizo hizo. Deni vilevile. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: inaagiza liandikwe na waitwe mashahidi. Wafanyabiashara wa pwani yetu walikua na mafundisho hayo vichwani, na ndiyo yaliyo ndani ya ile methali ya mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo mtu akiniuliza dalili za utapeli ni zipi, swali langu la kwanza kwake ni hili: hiyo biashara inamtaka shahidi au inamkimbia?

Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga samaki, alifikiwa na ujumbe saa moja jioni, wakati mafuta yamechemka na wateja wamesimama. Ujumbe ulisema amepokea shilingi 180,000. Hajamaliza kuusoma, simu ikaita.

"Shikamoo mama. Mama yangu, samahani sana, nimekosea tarakimu moja, hela imeingia kwako. Ni ya mgonjwa, yuko hospitali anasubiri vipimo."

"Marahaba baba, pole sana. Ngoja nihudumie hawa wateja, niangalie."

"Mama usikate simu. Nakuomba usikate. Nakuelekeza mwenyewe, dakika moja tu."

Binti yake, aliyekuwa pembeni anakatakata kachumbari, akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Sauti ya kwenye simu ilisikia swali hilo. Ikashuka, ikawa ya kilio: mama usimwambie mtu, watakuzuia, mgonjwa atatufia. Mama akatuma 180,000 zake mwenyewe, mtaji wa samaki wa kesho yake katika soko la Feri.

Fedha hazikuwa zimeingia hata senti moja. Ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, wala haukubeba jina la huduma ya fedha lililozoeleka juu ya ujumbe wa kweli. Salio lililoandikwa ndani yake halikuwa salio lake. Mtu mwenye dakika mbili angebonyeza menyu ya mtandao wake, *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*60# kwa Airtel Money, au *334# kwa aliye Kenya, akatazama salio, na mambo yangeishia hapo. Mama huyu anajua kutazama salio. Hulitazama kila siku. Ila masikio yake yalikuwa na mtu anayelia na mikono yake ilikuwa juu ya mafuta ya moto.

Nataka msomaji aone jambo moja hapo. Tapeli hakuiogopa akili ya mama. Aliyemwogopa ni binti. Mazungumzo yote yalikwenda sawa mpaka binti alipouliza swali la maneno manne, na mara moja yule mtu akabadili sauti. Alijua kwamba mama akiondoa simu sikioni akamweleza mwanawe kinachoendelea, kwa sauti, uongo utaanguka kabla hajafika katikati ya maelezo. "Usikate simu" na "usimwambie mtu" ni maneno yenye kazi moja, kumfukuza shahidi.

Ukishaliona hilo, utaliona kila mahali. Kuna ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: ile hela tuma kwenye namba hii. Aliyeutuma hakujui. Ameurusha kwa maelfu ya namba, akijua kwamba miongoni mwa maelfu hayo yupo mtu ambaye saa hiyo kweli alikuwa anakaribia kumtumia fedha fundi, shemeji au mwenye duka. Kuna yule wa mimi ni mwenye nyumba wako, hii ndiyo namba yangu mpya, kodi nitumie huku. Kuna simu ya mwalimu wa uongo anayesema mtoto wako ameanguka shuleni, yuko mapokezi, daktari hawezi kumgusa bila malipo. Hiyo ni katili kuliko zote, kwa sababu mzazi gani atakaa chini afikiri? Dawa ya zote hizo haina ufundi. Kata simu, kisha mpigie mwenye nyumba, mwalimu au shemeji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Mwenye nyumba wa kweli atakuwa bado ni mwenye nyumba wako baada ya saa moja, na hatakasirika ukimpigia kuhakikisha.

Anayejiita mhudumu wa mtandao wako naye yuko hapo. Nchini Tanzania makampuni ya simu yamewaambia wateja wao miaka yote kwamba wao hupiga kwa namba 100. Safaricom ya Kenya imewaambia wateja wake kwamba hupiga kwa 0722 000 000. Na hata hao wa kweli hawahitaji namba yako ya siri, leo wala kesho. Anayeiomba, au anayekuambia ubonyeze tarakimu fulani ukiwa bado naye hewani, anataka mkono wako ufanye kazi ambayo wa kwake hauwezi kuifanya. Vilevile ni vizuri mara kwa mara kubonyeza *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lako inaweza kuwa ndiyo inayotumika kuwaibia wengine, na siku polisi wakiifuatilia watafika mlangoni kwako.

Mikopo ya haraka nayo imekuwa mlango mpana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wanaojitangaza kwa jina la mikopo hata hawakopeshi. Wanataka ada ya fomu, kisha bima ya mkopo, kisha hela ya kufungua akaunti, na kila ukilipa kinatokea kingine. Mkopeshaji hupata faida kwa kukupa fedha zake na kungoja uzirudishe. Anayeanza kwa kupokea zako, hela ndogo ndogo kabla ya kutoa zake, hiyo ndiyo biashara yake, na mkopo hautakuja. Ajira za Ughaibuni na za serikalini zinazoanza kwa kutuma 20,000 ya usaili hazihitaji maneno mengi zaidi ya hayo.

Sasa nije kwenye namna ambayo haizungumzwi sana, nayo kwangu ndiyo yenye hila kubwa kuliko zote.

Zamani kidogo, Kariakoo na Mombasa na kila stendi kubwa, kulikuwa na mchezo wa kuokota burungutu. Unatembea, mtu mbele yako anaangusha bahasha nene bila kujua. Mwingine anaiokota ukiona, anakukonyeza: tumeona wawili, tugawane, njoo huku pembeni. Mkifika pembeni anatokea mwenye bahasha analia, anataka kuwapekua, na katika vurugu hizo za kutoa vyako uoneshe kuwa huna chake, vyako vinaondoka. Hiyo bado ipo. Iko pia ya simu nzuri inayouzwa kwa theluthi ya bei na kijana anayezungumza kwa kunong'ona. Unaishika, unaijaribu, inawaka. Mnaafikiana. Anaichukua akufungie vizuri pamoja na chaja yake, anakukabidhi kifurushi, anapotea. Nyumbani unakuta kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kipimo. Nairobi na kwingineko kuna wale wa kuosha noti nyeusi zigeuke dola, na wa dhahabu iliyotoka mgodini kwa njia za panya.

Jiulize kwa nini hakuna hata mmoja wa hawa waliotapeliwa aliyeita mtu wa tatu ashuhudie. Wamefungwa mdomo na kidhambi walichopewa mwanzoni. Wa burungutu alikubali kugawana cha mwenzake. Wa simu aliambiwa, kwa kunong'ona, kwamba mali ni ya magendo. Wa noti nyeusi alijua fika kuwa anatengeneza fedha za haramu. Tapeli huwa hampi mtu utajiri tu, humpa na kosa dogo la kushirikiana naye, na kosa hilo ndilo kufuli. Aliyekubali kula njama hawezi kumwita polisi, mke wala imamu. Akishaibiwa hawezi kushtaki pia. Wazee waliposema tamaa mbele, mauti nyuma, wengi wetu tulidhani ni maneno ya kututisha watoto tuache pipi za watu. Kumbe walikuwa wanaeleza hatua kwa hatua jinsi mtego unavyofanya kazi: tamaa inakufanya mshirika, ushirika unakunyamazisha, na ukimya ndio unaokumaliza.

Basi ukiambiwa bei ni hiyo kwa sababu mali haina risiti, au kazi ni ya uhakika kwa sababu kuna mkubwa atapenyezewa kitu, au kiwanja ni rahisi kwa sababu wenye mirathi wengine hawajui, acha. Usiache kwa sababu ya dhambi peke yake, ingawa hiyo ingetosha. Acha kwa sababu umeshanyang'anywa mashahidi wako.

Lakini kuna utapeli unaokuja na mashahidi wengi, tena wenye furaha, na hapa desturi ya wazee inahitaji kusomwa vizuri zaidi.

Anayecheza pata potea stendi hayuko peke yake. Kuzunguka meza yake kuna watu watano sita, mmoja ameshinda sasa hivi, mwingine anakuhimiza uweke, mwingine anakuonesha kwa jicho karata iliko. Wote ni wenzake. Meza hiyo sasa imehamia kwenye kundi la WhatsApp na Telegram, na wale wanaotuma picha za miamala kila asubuhi wakishukuru kwa malipo ya jana ni wale wale wa stendi. Pengine, na hili linaumiza zaidi, ni shemeji yako wa kweli, mwanakwaya mwenzako, mwalimu wa watoto, ambaye kweli amelipwa. Amelipwa kwa fedha za mtu aliyeingia nyuma yake.

Ndivyo upatu unavyokwenda. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, ambayo iliwaingiza watu wengi sana, hasa kupitia makanisa, na viongozi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Fedha ulizotoa ziliitwa mbegu, ulizotarajia ziliitwa mavuno. Lugha ile ilikuwa tamu kwa sababu sisi ni watu wa jembe na watu wa Biblia kwa pamoja. Shamba la kweli lina mvua, magugu na miezi ya kungoja, na kuna mwaka unavuna pumba. Shamba lile lilikuwa na kitu kimoja tu, mtu aliyesimama nyuma yako kwenye foleni. Wako waliokopa benki kwenda kupanda. Upande wa Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilitoa ripoti mwaka 2009 kuhusu miradi ya namna hiyo, kikakuta zaidi ya watu 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Kinshasa ilikuwa imeshapita njia hiyo mwaka 1991, ilipoanguka Bindo Promotion.

Mwaka 2020 ilifika Kisutu kesi ya mradi wa kufuga kuku ulioahidi faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na asilimia 90 kwa miezi sita. Tuchukue kalamu. Anayepata asilimia 70 kila miezi minne na kuirudisha yote kwenye mradi, milioni yake moja inakuwa milioni 4.9 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu inapita milioni 118. Serikali yenyewe, yenye nguvu ya kutoza kodi nchi nzima, ilipotoa hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021 iliahidi riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Ni kuku gani huyo anayeishinda Hazina zaidi ya mara ishirini? Aliyewahi kufuga anajua bei ya chakula, anajua mdondo unavyoweza kumaliza banda kwa siku chache.

Hesabu nyingine ni ya watu. Mradi ukimtaka kila mmoja alete wawili, na kila mmoja wa hao alete wawili, kizazi cha 26 kitahitaji watu 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, vichanga wakiwemo. Kwa hiyo hata mradi huo ukiendeshwa na malaika, kuna watu ambao lazima wakose, nao ni wengi kuliko waliopata, na kwa kawaida ni wale walioletwa na wewe.

Hapa ndipo namna ya kumchagua shahidi inapokuwa na maana. Katika kuuza shamba, jirani aliyeitwa hakuwa na fungu katika bei. Hakupata kamisheni. Kama alikuwa na masilahi, yalikuwa kinyume: mpaka wake ungeliwa. Ushahidi wake ulikuwa na uzito kwa sababu hiyo. Aliyekwisha kuweka fedha kwenye mradi na anahitaji wewe uingie ili alipwe hawezi kuwa shahidi wako, hata awe ndugu wa damu, hata awe mcha Mungu, hata akiamini kwa moyo wote anachokisema. Mpende, lakini usimhesabu. Tafuta mtu asiyepata kitu ukiingia na asiyepoteza kitu ukiacha.

Na ukioneshwa karatasi, jua ni ushahidi wa nini. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina la biashara au kampuni limesajiliwa. Namba ya TIN inathibitisha kwamba mtu yuko kwenye daftari la kodi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa mtu ruhusa ya kukusanya amana za umma. Ruhusa hiyo hutoka Benki Kuu, na ya uwekezaji hutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Nimeshangazwa mara nyingi na watu wasomi walioridhika na cheti cha BRELA kilichowekwa kwenye fremu nzuri ukutani. Fremu ile haikutundikwa bure.

Kuna methali nyingine ambayo ningependa ishike nafasi ya ile ya wajinga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pita Dar es Salaam uone kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, kiwanja hiki hakiuzwi. Mwenye nyumba amelazimika kutangaza hivyo kwa sababu kuna mtu anaitembeza mali yake, amekwisha kuionesha kwa wateja, pengine amepokea na malipo ya awali. Kiwanja kimoja huuzwa kwa watu watatu ndani ya wiki moja, na kila mmoja huambiwa kuna mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Huyo wa jioni mwache aje. Wewe nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, na aliye Kenya aingie kwenye mfumo wa Ardhisasa kwa maeneo yaliyokwisha kuingizwa humo. Ongea na mjumbe wa mtaa, na usimwulize dalali peke yake. Gonga mlango wa jirani wa kushoto na wa kulia, uwaulize mwenye hapa ni nani na watoto wake wako wapi. Majirani wa mjini hawajuani sana, najua. Lakini hujua nani si mwenye nyumba.

Nirudi kwa watu waliokwisha kuumia, maana ndio hasa walionifanya niandike. Ile methali ya wajinga inawaua mara ya pili. Muuguzi niliyemtaja alikaa na siri yake kwa muda mrefu, akilipa mkopo ambao mumewe hakuujua, kwa sababu aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa deni. Katika ukimya wake, wenzake wawili wa wodi ile ile wakaingia kwenye mradi ule ule. Angesema siku ya kwanza, wangepona. Aibu yake ilikuwa mtaji wa tapeli, na aibu hiyo tulimpa sisi kwa vicheko vyetu.

Ukimya pia unapoteza muda, na muda ndio kila kitu. Fedha iliyotumwa kwa simu inaweza kuzuiwa kama mtandao umeambiwa kabla mpokeaji hajaitoa kwa wakala. Baada ya hapo kazi inakuwa ya polisi na ni ngumu. Aliyetuma kimakosa kwa M-Pesa ya Kenya hupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456. Dakika tano za kukaa ukijilaumu sebuleni ni dakika ambazo mtu yuko dirishani kwa wakala anahesabu noti zako.

Kwa hiyo nawaomba. Kama nyumbani kwenu yupo aliyetapeliwa, msimpe methali. Mkalisheni, asimulie yote mbele ya watoto na wazee, neno kwa neno kama alivyoambiwa, ili kila mmoja aijue sauti hiyo siku itakapompigia yeye. Namba iliyompigia ipelekeni mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa 15040 leo hii. Aliye Kenya na Safaricom aipeleke 333. Na huyo aliyetapeliwa akija kusema anataka kununua kiwanja, kukopa au kuwekeza, msimwambie ameshindwa kujifunza. Nendeni naye.